Laini si kushika: matairi ya dragi kwa gari linalokurudisha nyumbani

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea gari gereji, hapa Unga Limited, Arusha, kutoka Moshi. Mark II JZX100, injini ya 1JZ yenye turbo, gia za mkono, rimu za 18. Nyuma amefunga matairi mawili ya mtumba kutoka Japani, na furaha yote ilikuwa kwenye hayo matairi.

"Shikamoo fundi. Hebu bonyeza kwa kucha uone yalivyo laini. Si yatashika haya?"

"Marahaba mdogo wangu. Kwanza tusome ubavuni."

Ubavuni paliandikwa STUDLESS, na mwisho wa saizi kulikuwa na herufi Q. Hayo ni matairi ya theluji. Japani wanayafunga majira ya baridi, na yakichakaa kidogo tu yanapakiwa kwenye kontena au yanakuja yakiwa yamefungwa kwenye gari. Mpira wake umechanganywa ubaki laini kwenye baridi ya kugandisha maji, na kila kashata, yaani kila kipande cha mpira kinachogusa lami, imechanjwa mikato myembamba kama ya wembe ili ing'ate barafu. Kwenye lami ya saa nane mchana, inayochoma kiganja, mpira huo unalegea kupita kiasi. Kashata zinalala, zinapinda, zinang'oka vipande. Na ile Q ina maana tairi limepimwa kwa mwendo usiozidi kilometa 160 kwa saa. Mark II iliyoongezwa nguvu inapita hapo kabla mita 402 za dragi, mbio za kunyooka kuanzia kusimama, hazijaisha.

Nimelisema hili kwa vijana wengi na nitaendelea kulisema, kwa sababu tairi likipasuka kwenye mwendo ule hakuna fundi wa kulitengeneza lililotokea.

Ulaini wa mpira ni jambo moja tu. Mpira wa dragi umetengenezwa unate ukipashwa moto. Wa theluji umetengenezwa usigande kwenye baridi. Kwa kucha vinafanana. Kwenye lami ni vitu viwili tofauti kabisa.

Sasa tupige hesabu ya kuondoka, maana hapo ndipo mbio zinapoamuliwa. Chukua injini yenye toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya niutoni mita 370. Tuseme gia ya kwanza inazidisha mara 3.2 na difu mara 3.9. Kwenye ekseli unapata kama niutoni mita 4,600. Gawa kwa nusu kipenyo cha tairi, sentimita 31 au 32, kisha toa kinachopotea njiani kwenye gia na difu: tairi linaisukuma lami kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 1,200. Gari lenyewe lina kama kilo 1,450. Hata likikaa chini nyuma wakati wa kuondoka, matairi ya nyuma yanabeba kilo 850 hivi. Tairi zuri la barabarani linaweza kushika nguvu inayokaribia uzito ulio juu yake, si zaidi sana. Kwa hiyo nguvu ya 1,200 inadai mshiko ambao haupo, na zaidi ya robo yake inaishia kwenye moshi. Kuongeza turbo kabla ya kulitatua hili ni kununua moshi zaidi.

Hapo ndipo ubavu wa tairi unapoingia, na ndio sehemu ambayo vijana wa rimu kubwa hawapendi kuisikia. Ukiachia klachi, pigo la injini linafika kwenye tairi kwa ghafla. Ubavu mrefu na laini unajikunja, unalimeza lile pigo, na sehemu inayogusa lami inapata muda wa kung'ang'ania. Ubavu mfupi haumezi kitu: pigo linafika moja kwa moja kwenye mpira na tairi linavunja mshiko. Na likishaanza kusereka, msuguano unashuka, kwa hiyo kulirudisha ni kazi kuliko kulizuia.

Tairi la 235/40R18 lina ubavu wa milimita 94, yaani asilimia 40 ya upana wa 235. La 245/50R16 lina ubavu wa milimita 122. Kwa kipenyo la kwanza ni milimita 645, la pili 651. Spidomita haioni tofauti ya maana wala uwiano wa gia haubadiliki. Milimita 28 za ubavu umezipata bure kwa kushusha rimu tu. Ila pima kwanza kama rimu inaipita kalipa ya breki, na tafuta tairi kabla ya rimu, maana rediali za dragi (matairi ya dragi ambayo nyuzi zake zinakatiza moja kwa moja, bila kupishana) za 16 hazitengenezwi saizi nyingi.

Kuna familia tatu za kuchagua. Ya kwanza ni tairi la barabarani lenye mpira mkali. Soma namba ya uchakavu ubavuni: matairi ya kawaida ya safari yana 300, 400 au zaidi, yenye 200 kushuka yananata zaidi na yanaisha mapema. Ya pili ni rediali za dragi, kama Nitto NT555R au familia ya ET Street ya Mickey Thompson: yana alama ya kuruhusiwa barabarani, mpira wa mashindano na mifereji michache isiyo na kina. Ya tatu ni vipara vyenyewe, visivyo na mfereji hata mmoja, ambavyo vingi nyuzi zake zimepishana kwa mshazari. Kipara cha namna hiyo kinajikunja kama soksi wakati wa kuondoka na kinasamehe makosa ya mguu. Lakini si cha barabarani, na usikichanganye nyuma huku mbele una rediali ngumu ukadhani gari litanyooka kwenye mwendo mkubwa. Litayumba.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mteja si injini ina farasi wangapi. Namuuliza: ukimaliza, unarudije nyumbani?

Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kurudi vibaya. Ilikuwa Aprili, masika, natoka Moshi jioni na rediali za dragi zilizobaki na mfereji wa milimita mbili. Boma Ng'ombe pakavu, Kikatiti pakavu. Karibu na Usa River mvua ikashuka kama imemwagwa kwa ndoo. Nilikuwa kwenye 70 tu. Nyuma ya gari ikapanda juu ya maji, usukani ukawa mwepesi mkononi, na nikavuka mstari wa kati nikiwa siamui chochote. Upande wa pili hapakuwa na gari. Tangu siku hiyo matairi ya mashindano nayabeba kwenye buti na kiti cha nyuma, nafunga nikifika, nafungua kabla ya kuondoka. Jeki, spana ya magurudumu, dakika 20. Kwa anayeishi kati ya Meru na Kilimanjaro, na mvua zetu hizi, nashauri hivyo hivyo.

Kuhusu lami: viwanja vikubwa vya dragi Marekani vinanyunyiziwa dawa ya kunatisha, na mpira wa matairi yaliyotangulia umelala pale tabaka juu ya tabaka. Sisi tukipata kipande kilichofungwa kwa kibali, tunakikuta na vumbi letu jepesi la mlimani. Kifagie. Namaanisha ufagio wa kweli, mita 30 za mwanzo, njia zote mbili. Mita 18 za kwanza zina thamani kuliko zote: sehemu moja ya kumi ya sekunde ukiiokoa pale, mwisho wa mita 402 inarudi ikiwa karibu sehemu moja na nusu hadi mbili za kumi.

Upepo ndio watu wanaoupima vibaya zaidi. Rediali za dragi kwa kawaida naanzia psi (kipimo cha upepo wa tairi) 18 hadi 20 na kushuka kidogo kidogo, nusu psi kwa jaribio. Vipara vinashuka hadi 12 au 14 kutegemea uzito wa gari. Pima palepale unapokimbilia. Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi ni chini ya 1,000. Ukijaza hapa ukashuka kule, geji itasoma pungufu kwa karibu psi moja bila pancha yoyote, kisha joto la Moshi na la safari litaipandisha tena. Kwenye tairi la psi 32 hilo si kitu. Kwenye psi 15 ni tofauti ya kuondoka na kubaki. Na ukimaliza, jaza upepo wa barabarani kabla ya kugusa barabara.

Kuchoma tairi, yaani kulizungusha papo hapo lipate moto kabla ya kuondoka: rediali za dragi zinataka muda mfupi, mpaka moshi wa kwanza uonekane, basi. Tairi la kawaida usilichome. Lisafishe kwa kulizungusha kidogo tu, maana likipata moto mwingi linatoa mafuta na kuteleza. Na waambie vijana wa kuosha magari wasikupake ile dawa ya kung'arisha kwenye matairi siku ya mbio. Inarushwa hadi kwenye mpira unaogusa lami.

Wenye Subaru, matairi yote manne yawe mamoja na yaliyochakaa sawa. Mzunguko ukitofautiana, difu ya kati inafanya kazi muda wote na inakufa. Wenye Mark II ya difu ya kawaida, isiyoyafunga magurudumu mawili ya nyuma yasukume pamoja, wekeni difu inayofunga kwanza. Vinginevyo mnanunua matairi mawili na kutumia moja.

Kabla hujalipa, tafuta tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira wa dragi ukikaa miaka mingi juani dukani unakauka, hata kama vinyweleo vya kiwandani bado vipo.

Yule kijana alinunua rimu za 16 zilizotumika, na rediali za dragi mbili tukaziagiza. Zilipofika, kabla hajaondoka, nilichora mstari mmoja wa chaki kutoka kwenye rimu kuvuka hadi kwenye ubavu wa tairi. Upepo ukiwa mdogo, rimu inaweza kuzunguka ndani ya tairi. Juzi alinipigia.

"Fundi, mstari umeachana, kama vidole viwili."

Nimemwambia apandishe psi mbili, achore upya, ajaribu tena.