Je, piramidi za Giza zilipangwa kwa kufuata nyota?

Piramidi Kuu ya Farao Khufu, iliyojengwa karne ya 26 KK, imeelekea kaskazini halisi kwa kosa la kati ya dakika 3 na 4, na uzi (digrii) mmoja wa pembe una dakika 60. Kwenye ubavu wa mita 230, hiyo ni sentimita ishirini na kitu. Dira haikuwepo, na hata ingekuwepo isingefaa, maana hufuata kaskazini ya sumaku. Lazima walitazama juu. Ubishi ni kwamba walitazama nini.

Nyota ya kaskazini tunayoijua leo haikuwa kaskazini wakati huo. Mhimili wa dunia huyumba kama pia inayozunguka, na mzunguko mmoja huchukua miaka kama 26,000. Nyota ya Thuban iliwahi kukaa karibu kabisa na ncha ya anga, yaani nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, mnamo 2800 KK, lakini enzi za Khufu ilishajitenga kwa zaidi ya uzi (digrii) mmoja. Anayeilenga hiyo bila ujanja anaweza kukosea zaidi ya mara 15 ya walivyokosea wajenzi wale.

Mwaka 2000 Kate Spence, mtaalamu wa Misri ya kale, alipendekeza ujanja wenyewe: ning'iniza timazi, subiri Kochab na Mizar, nyota mbili zilizo pande mbili za ncha, zikae moja juu ya nyingine kwenye uzi wa timazi, kisha weka alama chini. Kwa kuwa mstari wa nyota hizo ulipita kwenye ncha yenyewe miaka michache tu, kosa hubadilika kutoka piramidi moja hadi nyingine, na Spence akalitumia kukadiria umri wa piramidi hizo. Ila piramidi ya Farao Khafre, ya pili kwa ukubwa pale Giza, haikai kwenye hesabu mpaka ukubali kwamba ilipimwa nyota hizo zikiwa zimebadilishana juu na chini.

Wengine wanasema jua lilitosha. Simika mti wima kwenye sakafu iliyosawazishwa, siku ya Septemba ambayo mchana na usiku hulingana, utie alama kwenye ncha ya kivuli tangu asubuhi hadi alasiri. Alama zitajipanga karibu mstari mnyoofu wa mashariki–magharibi. Karibu tu, kwa sababu jua linaendelea kuhamia kusini siku hiyo hiyo: kivuli cha alasiri hurefuka kidogo, na upande wa mashariki wa mstari huinuka kuelekea kaskazini. Mhandisi Glen Dash alilijaribu hilo Marekani mwaka 2016. Piramidi za Khufu na Khafre zimepinda upande huo huo, jambo ambalo kwangu lina uzito.

Dai maarufu zaidi, la mwandishi Robert Bauval, kwamba piramidi tatu za Giza ni ramani ya nyota tatu za ukanda wa Jabari (kundi la nyota la Orion), ndilo dhaifu zaidi. Ni kweli maandiko ya ndani ya piramidi za baadaye, kuanzia ya Unas, humpeleka mfalme kwenye Jabari na kwenye nyota zisizozama. Lakini ili ramani ifanane na anga, lazima moja kati yake igeuzwe juu chini. Tena, kama kulikuwa na mpango mmoja wa ramani, Djedefre, mwana wa Khufu aliyemrithi, hakuufuata: hakujenga Giza. Alikwenda Abu Rawash, kilomita 8 hivi kaskazini.