"Alijikata Mwenyewe"

Wiki hii nimeisikia tena kauli hii ya kumlaumu aliyekatwa kiungo anapodai fidia, safari hii kutoka kwa mwanasheria mwenzangu: "Kinga ya mashine aliing'oa mwenyewe, vidole vikaenda. Atamdai nani?"

Ndugu, hiyo kinga, yaani kifuniko cha kuzuia mikono isifike panapokata, iling'olewa lini? Kama ni dakika tano kabla ya ajali, haya, tuzungumzie ukaidi. Kama ni miezi minane, na msimamizi alipita pale kila asubuhi kuhesabu vipande, basi huo ulishakuwa utaratibu wa kazi. Tena iling'olewa kwa nini? Kwa kawaida malighafi ilikuwa ikikwama, kinga ikichelewesha, na ujira unalipwa kwa kipande. Akikatwa mkono akisafisha presi, ile mashine ya kukandamiza, utasikia kwamba hakuzima umeme. Nami nauliza: kufuli la kufungia swichi lilikuwepo? Maana kuzima peke yake hakutoshi. Mwenzako huja akawasha. Na kinga inayofunguka kwa bisibisi yoyote inanifikisha hadi kwa aliyeibuni mashine, naye ajibu.

Uzembe wa majeruhi una uzito, sikatai. Ila katika nchi nyingi unapunguza fidia tu, haufuti madai. Uingereza iliacha kufuta madai yote kwa sababu hiyo tangu 1945, na bado kuna watu wanaibeba kanuni ile kana kwamba imetungwa jana. Kwenye mifumo ya fidia kwa wafanyakazi, ambayo Ujerumani iliianza 1884, kwa kawaida hata huulizwi kosa ni la nani, labda kama mtu alijiumiza kwa makusudi.

Barabarani na kwenye nyaya za umeme sheria zina mambo yake. Leo siingii huko.

Panaponishinda ni hospitalini. Miguu mingi hukatwa kwa sababu ya kisukari na mishipa iliyoziba, wala si ajali. Mgonjwa anakuja na kidonda, anarudishwa na vidonge, wiki mbili baadaye mguu umeoza. Uzembe nitauthibitisha. Lakini angetibiwa siku ile ya kwanza, mguu ungepona? Nimewahi kuwasikiliza madaktari bingwa wawili wakilijibu swali hilo, wa kwangu na wa upande wa pili, nikawaamini wote wawili. Kesi ile niliimaliza kwa maelewano, na hadi leo sina hakika kama nilimtendea haki mteja.

Kesi za mashine ni afadhali, mradi upige picha mapema. Ukichelewa siku tatu utakuta kinga imesharudi mahali pake, rangi yake haijakauka.