Je, wajua? Mti wa jirani haumpi mtoto aliye tumboni oksijeni ya ziada

Kwa nini wajawazito wanaoishi penye miti na nyasi huelekea kujifungua watoto wenye uzito mkubwa kidogo? Jibu linalotutoka wengi haraka ni oksijeni: miti huitoa, mama huivuta, mtoto hunawiri. Ni jibu zuri, rahisi kulikumbuka, na si sahihi.

Tuanze na hewa. Oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa kavu, uwe chini ya mwembe au katikati ya stendi ya mabasi. Upepo huichanganya hewa upesi kuliko majani yanavyoweza kuongeza chochote cha kupimika. Usiku mti nao hutumia oksijeni kama sisi, ila kiasi chake ni kidogo mno, kwa hiyo wanaoogopa kulala karibu na mti wanaangushwa na hesabu ileile.

Hata hewa ingeongezeka oksijeni kidogo, damu ya mama isingekuwa na pa kuiweka. Oksijeni husafiri ikiwa imeshikwa na himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu, na himoglobini ni kama daladala. Kwa mtu mwenye afya aliye usawa wa bahari, gari linapotoka kwenye mapafu viti 97 au 98 kati ya 100 vimeshakaliwa. Ukirundika abiria wengine kituoni, watabaki kituoni. Mtoto mwenyewe ameumbiwa kuishi kwa kidogo: damu inayomfikia ina shinikizo la oksijeni la takriban milimita 30 za zebaki, wakati kwenye ateri za mama ni karibu 100. Kwa mtu mzima, 30 ni dharura ya hospitali. Kijusi hukua nayo vizuri kwa sababu himoglobini yake huing'ang'ania oksijeni kuliko ya mama.

Upungufu wa oksijeni wa kweli tunaujua ulivyo, na hauhusiani na miti. Kileleni mwa Kilimanjaro oksijeni bado ni asilimia 21 ya hewa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote, ambalo huko ni karibu nusu ya lile la pwani. Utafiti wa Colorado, Marekani, uliochapishwa 1997, ulikuta uzito wa kuzaliwa ukishuka takriban gramu 100 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Kumbe oksijeni ni muhimu sana, ila mti hauwezi kuileta.

Ipo gesi inayoiba viti vyenyewe. Kaboni monoksidi, ya jiko la mkaa na ya moshi wa magari, hushikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haishuki upesi. Dawa yake ni kupikia nje au mahali penye hewa ya kutosha, na kutoingiza kamwe jiko la mkaa chumba cha kulala. Mche wa mwarobaini dirishani hausaidii.

Basi kinachobaki ni njia ambayo daladala inapita. Kabla ya mimba, mji wa uzazi hupata kama mililita 50 za damu kwa dakika. Karibu na kujifungua hupata 500 au zaidi, yaani chupa ya nusu lita kila dakika. Ongezeko hilo huanza mapema: seli za kondo la nyuma huingia kwenye vimishipa vilivyojisokota kama springi, huondoa misuli ya kuta zake, na kuvigeuza mifereji mipana isiyoweza kujibana. Lakini mishipa mikubwa inayovilisha bado ina misuli, na adrenalini, homoni ya msongo, huibana. Hapo ndipo hesabu inapotisha, kwani mtiririko hufuata nusu kipenyo kwa kipeo cha nne. Mshipa ukipungua upana kwa asilimia 10 tu, shinikizo likibaki lilelile, damu inayopita hupungua kwa takriban theluthi moja. Anayemwagilia bustani ya mchicha halafu mtoto akakanyaga mpira kidogo anaijua hasara ya namna hiyo.

Dhana, basi, ni kwamba mtaa wenye kijani hupunguza msongo, kelele na joto, huvuta watu kutembea, na huacha mishipa ilegee. Ni dhana inayoingia akilini. Lakini kutoka mti hadi mshipa kuna hatua nyingi, na tafiti nyingi hupima ncha mbili tu: kijani na mizani ya wodi.

Portland, Oregon, Marekani, utafiti wa 2011 ulihusisha ongezeko la asilimia 10 la kivuli cha miti ndani ya mita 50 za nyumba na upungufu wa watoto 1.42 wanaozaliwa wadogo kuliko umri wa mimba katika kila vizazi 1,000. Vancouver, Kanada, 2014, katika vizazi 64,705, kijani zaidi kiliambatana na gramu 20.6 za ziada: vijiko vitano vidogo vya sukari. Ajabu ni kwamba watafiti walipotoa mchango wa moshi na kelele kwenye hesabu, uhusiano ulibaki. Maelezo ya “miti huchuja hewa” nayo yakapungukiwa nguvu. Ila wenye kipato ndio hununua nyumba penye miti, na hakuna hesabu inayofuta kipato kabisa.

Tena, kijani hicho kwa kawaida hupimwa na setilaiti kama Landsat, inayoona miraba ya mita 30 kwa 30 na kulinganisha mwanga mwekundu, ambao majani huumeza, na wa infraredi, ambao huurudisha. Uwanja wa gofu na shamba la mpunga vinaweza kupata alama zinazokaribiana. Kwa Vancouver si neno. Kwa Kilombero, Tanzania, shamba la mpunga ni mazalia ya mbu, na vimelea vya malaria hujikusanya kwenye kondo la nyuma, mahali palepale njia ya damu inapopaswa kuwa wazi. Huko chandarua chenye dawa na dozi za SP (dawa ya kukinga malaria) kliniki, angalau tatu kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba, vina ushahidi mzito kuliko mti wowote.