Wazo jipya la filamu si lile lisilowahi kufikiriwa

Wanafunzi wengi wa filamu huhangaika kutafuta kisa ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukiwaza. Watahangaika sana. Mapenzi, kisasi na ugomvi wa urithi vimesimuliwa tangu enzi za mababu. Upya hutokana na nani anataka nini, wapi, na nini kinamzuia.

Chukua feri ya Likoni kule Mombasa, ambayo waendao kwa miguu hawalipi nauli. Bi harusi anavuka na somo yake, yaani kungwi wake. Katikati ya mkondo anamwona mpenzi wake wa zamani. Hakuna pa kushukia. Dakika chache tu, na tayari una muda, mahali na kizuizi, bila kujenga seti yoyote. (Kibali cha kupiga picha pale kaombe mapema.)