Ile kijani ya nyuma ya bafu sio uchafu, ni mmea usio na mabomba

Kila mwaka mvua zikishakolea huwa napokea picha za aina moja kwenye WhatsApp, ukuta una kitu cha kijani, simu imesogezwa karibu mno mpaka huoni vizuri, alafu swali linafuata, hii kitu inakula nyumba? Mwaka huu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Mwanga hapa Kigoma mjini. Nikampigia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, na hapohapo akaanza, nimekwangua kwa panga mara tatu inarudi, fundi anasema nimwagie oili chafu, we mtu wa mimea unasemaje? Nikamwambia oili iache kwanza mama, nakuja.

Nilichokikuta ni vigoga. Jina hilo lipo kwenye kamusi (kigoga jamani, sio kigogo wa serikali) ila mtaani sijawahi kumsikia mtu analitumia, watu wanasema tu ukungu wa kijani, na waliopita sekondari wanakumbuka neno mosi (lile la Kiingereza, moss), na ukichanganya na ndugu zake wote kundi zima linaitwa brayofaiti. Sasa kuiita ukungu ndo makosa yanaanzia hapo. Ukungu ni fangasi, hajitengenezei chakula, anaozesha mkate wako ndo ale. Kigoga ni mmea kabisa, kina klorofili, kinajipikia kwa mwanga wa jua kama muhogo tu. Hakili tofali. Hata kikikaa kwenye shina la mwembe hakinyonyi utomvu wa mwembe, kimepanga tu pale, na kodi hakilipi.

Ukitaka kukielewa shika jambo moja tu, hakina mabomba. Muhindi una mizizi ya kuvuta maji chini na mirija ya kuyapandisha mpaka kwenye majani, na mirija hiyo ni migumu kiasi kwamba inasaidia mmea kusimama. Kigoga hakina mizizi ya kweli, kina vijinyuzi vya kushikilia tu, na mirija ya maana hakina (kuna aina chache zina vimirija vya kienyeji lakini sio vya kulinganisha na vya muhindi). Maji kinayanywa kwa mwili mzima, jani lake dogo kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, tone likigusa limeshaingia. Ndo maana hakirefuki. Kigoga kirefu kuliko vyote kinachosimama chenyewe kinaitwa Dawsonia, kipo huko Australia na New Zealand, na urefu wake ni nusu mita na kidogo, yaani bingwa wa dunia hafiki kiunoni.

Kukosa mabomba kuna faida yake lakini, na hii nilimwonyesha mama palepale uani. Ana mchikichi mzee, na nyie mnajua shina la mchikichi mzee lilivyo, yale makuti yaliyokatwa yanaacha vikuti kama ngazi, kila kimoja kinashika vumbi na unyevu, kwahiyo vigoga wanajaa pamoja na majani mengine. Upande wa jua palikuwa pamekauka, vigoga vimejikunja vya kahawia, ukivishika vinakwaruza kama majani ya chai. Nikamwomba kijiko cha maji. Ukidondoshea hivi polepole unaona vijani vinafunguka kimoja kimoja, vinainua shingo, na rangi inabadilika kutoka kahawia kwenda kijani wakati bado umeshika kijiko. Mama akaita wajukuu waje kuangalia, kijiko kikawa bakuli. Muhindi ukikauka hivyo umekufa, biashara imeisha. Kigoga kinakauka pamoja na hewa, kinasimamisha shughuli zote, kinasubiri, ndo kinavyopita kiangazi chetu kile cha Juni mpaka Septemba. Mwaka 2014 wanasayansi walitoa taarifa ya kigoga kilichotolewa kwenye barafu ya kisiwa cha Signy karibu na Antaktika, kilikuwa kimegandia humo zaidi ya miaka 1,500, wakakiweka kwenye joto na mwanga, kikachipua.

Hasara yake iko kwenye kuzaana. Maua hakuna, mbegu hakuna. Seli ya kiume ya kigoga ina mikia miwili na inaogelea, kabisa, inaogelea kwenye maji ya mvua au umande mpaka ilipo yai, na maji yakikosekana hakuna harusi. Yai likirutubishwa linaota juu ya mama yake palepale, unaona kijiti chembamba kama uzi, mara nyingi chekundu, kichwani kina kikopo. Hicho kijiti ni kizazi kingine, chenye kromosomu (zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi) seti mbili, wakati ile zulia ya kijani unayoikwangua ina seti moja tu, na maisha yake yote kijiti kinamtegemea mama kwa maji na sehemu kubwa ya chakula. Kwetu sisi na kwa muhindi seti mbili ndo mwili wenyewe. Kwa vigoga mwili mkubwa ni wa seti moja, na wanafunzi hapa ndo huwa wananipotea.

Ndugu zake ni wawili. Kuna livawoti, nyingi zake zina vijani vidogo mtu anadhani ni vigoga, ila inayojulikana zaidi ni Marchantia, bapa kama utepe umelala kwenye udongo, itafute kwenye kingo za vijito vyenye kivuli. Mgongoni ina vikombe vidogo vyenye vipande vyake yenyewe, tone la mvua likipiga ndani vinaruka nje na kila kipande kinaota mmea mpya, hapo harusi haikuhitajika. Alafu kuna honiwoti, wachache, aina kama 200 hivi duniani, kijiti chao kinafanana na pembe. Vigoga wenyewe ni aina karibu 12,000.

Na sio vya ukutani tu. Kuna kinachoitwa Sphagnum, kina seli tupu zilizokufa zenye matundu, zinajaa maji mpaka mara 20 ya uzito wake mkavu. Kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ileile iliyowaleta Wabelgiji hapa Kigoma mwaka 1916, Waingereza walikifungia vidonda vya askari wakati pamba imeadimika. Huku kwetu panda milima ya Mahale kuelekea kilele cha Nkungwe, mita 2,462, ukifika msitu wa juu wenye mawingu utaona matawi yamevaa vigoga, vinashika mvua na ukungu wa hewani alafu vinaachia taratibu badala ya maji yote kuporomoka mara moja.

Tukarudi kwenye ukuta. Nikamuuliza mama, kwanini kijani iko hapa tu na sio kule? Tukafuata mstari wake na kidole, unapanda, unapinda, unaishia kwenye kiungo cha bomba la bafu, kinavuja kidogokidogo na fundi aliyeleta habari ya oili ndo aliyekifunga. Kigoga hakikuleta maji, kiliyafuata, ingawa ni kweli kikishazoea kinashikilia unyevu na rangi ya ukuta inaharibika. Funga bomba, fungulia jua, kata lile tawi linaloweka kivuli, alafu ndo usugue kwa brashi. Oili chafu hapana, ukuta utabaki mweusi na mvua ijayo oili yenyewe inateremka kwenye mtaro mpaka ziwani.

Kama unapita kwenye tanuru la zamani la mkaa angalia chini. Kuna kigoga kinaitwa Funaria kinapenda sana udongo ulioungua, na kijiti chake kinajisokota na kujisokotoa kufuata unyevu wa hewa. Kichume kimoja kilichokomaa, kiache kikauke, alafu kipulizie pumzi ya mdomo taratibu kama unavyofuta miwani.