Balozi Mwanafunzi Si Mwanadiplomasia, Wala Nafasi Yake Si Ufadhili

Balozi mwanafunzi ni mtu ambaye tayari anasoma chuoni, akachaguliwa na programu yake, tuseme ya masomo ya kimataifa, aisemee kwa walio nje: atembelee shule za sekondari, ajibu maswali ya wanaotaka kuomba, apokee wapya. Kwa kazi hiyo huenda akapewa posho, pengine na mafunzo ya uongozi juu yake. Basi, maana ni hiyo.

Tatizo ni tunavyolielewa neno "balozi" hapa Dar. Kijana akipata nafasi hii, kundi la WhatsApp la ukoo linajaa "hongera mheshimiwa balozi", na shangazi anauliza lini pasipoti ya kidiplomasia itatoka. Haitoki. Balozi wa nchi huteuliwa na Rais, na kwa Mkataba wa Vienna wa 1961 nchi anayopelekwa lazima iridhie kwanza; akishapokelewa, hakamatwi wala hashtakiwi kwa jinai huko. Umri si hoja. Mwanadiplomasia wetu Salim Ahmed Salim alipelekwa Cairo kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na miaka 22, rika la wengi walioko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, leo, lakini alikwenda kwa niaba ya dola. Balozi mwanafunzi anasimama kwa niaba ya idara yake tu, na ada akichelewesha anadaiwa kama wenzake.

Wa kumlinganisha naye ni balozi wa nyumba kumi, yule kiongozi wa kaya chache za mtaani, utaratibu ulioanza enzi za chama cha TANU miaka ya 1960. Yule anakaa humohumo mtaani, maji yakikatika yanakatika na kwake, ndiyo maana mgeni huanzia mlangoni pake. Thamani ya balozi mwanafunzi iko hapohapo. Amesomea kwenye vimbweta vilevile, yaani meza na viti vya nje vya chuoni, anajua somo linaloangusha watu na mwezi ambao hela ya kula huwa imeisha. Ofisa udahili hawezi kukueleza hayo.

Linaloniuma zaidi ni wanaodhani nafasi hii ni ufadhili wa masomo, maana hapo watu wanaliwa fedha. Nafasi hii haimwingizi mtu chuoni. Anayeipata ameshadahiliwa na ana namba ya usajili. Wapo mawakala wanaowatoza vijana waliomaliza kidato cha sita ili "wawaombee ubalozi" wa chuo cha Marekani ambacho hawajawahi hata kuomba kujiunga nacho. Mzazi mmoja wa Tabata alinionyesha risiti yake, imeandikwa kabisa "ada ya uteuzi". Wakati huohuo, chuo cha Marekani hakimpi mgeni fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka athibitishe fedha za mwaka wa kwanza, ziwe zake au za mfadhili. Posho ya ubalozi kwa kawaida haikaribii kiasi hicho.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mwanao akikwambia amepata ubalozi wa wanafunzi, mpongeze, kisha muulize taratibu: umeshadahiliwa chuo gani, na ada analipa nani? Kama bado hajadahiliwa, aanze kwa kuomba chuo, na hela ya wakala ibaki nyumbani.