Ngome Kongwe na waliowahi kuimiliki

Katika utafiti wangu wa majengo ya Mji Mkongwe, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kama Ngome Kongwe ilijengwa na Wareno. Walichojenga Wareno pale ni kanisa dogo, kati ya mwaka 1598 na 1612, na mabaki yake yamo ndani ya ngome hadi leo. Ngome yenyewe ni ya Waomani, ambao baada ya kuiteka Mombasa mwaka 1698 waliiweka Unguja chini yao, kisha wakapazungushia mahali pa ibada pa adui kuta nene za mawe na chokaa ili adui huyo asipate pa kurejea.

Hofu ya kurejea kwa Wareno ilipokwisha, kuta zilibaki. Katika karne ya 19, Unguja ilipokuwa makao ya Seyyid Said na warithi wake, ngome iliyojengwa kumzuia mgeni ilitumika kuwafungia wenyeji, kwa kuwa ilikuwa gereza. Hatari ya kutoka baharini ilipokuja kweli, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilibomoa jumba la Sultani kwa muda usiotimia saa moja, na ngome iliyokuwa jirani haikuweza kuzuia lolote.

Chini ya himaya ya Uingereza, ngome iligeuzwa karakana ya reli iliyotoka mjini hadi Bububu, jambo ambalo halihitaji maelezo marefu. Linalonivutia zaidi ni la mwaka 1949, ilipofanywa klabu ya wanawake. Kwa wanawake waliotawishwa, ambao desturi haikuwaruhusu kuonekana na wanaume wasio maharimu wao, kuta ndefu zile zile zilizomzuia mfungwa asitoke ziliwapa uwanja wa kucheza na kuzungumza pasipo jicho la mtu wa nje. Sijui utawala mwingine ulioipa ngome hii maana iliyo mbali zaidi na vita, na ni sura ambayo watembeza wageni huiruka.

Leo, chini ya Serikali ya Mapinduzi, uani mna ukumbi wa wazi ambamo hufanyika matamasha, likiwemo lile la filamu lililoanza mwaka 1998. Wapo wanaosema kwamba muziki unaishushia ngome heshima. Sikubaliani nao, kwani kabla ya hapo, ukiwaondoa wanawake wa klabu ile, ni wachache mno waliowahi kuingia humo kwa hiari yao, tena kwa ajili ya kujifurahisha.